Mshipa Katikati ya Doa

Alhamisi, 3 Oktoba
Daktari wa Kasulu kasema niandike kila siku mwili wangu unavyoendelea, maana nikifika kwake nusu nasahau na nusu nachanganya. Haya, naandika. Mimi ni Ange Niyonsaba, mnunuzi wa maharage hapa Nyakitonto, mke wa Tharsisi. Mguu wa kushoto umekufa ganzi toka vidoleni mpaka gotini. Jana nimekanyaga kaa la moto jikoni nisijue, harufu ndiyo iliyonishtua. Mvua bado. Hasira ninazo.

Ijumaa, 4 Oktoba
Ganzi ile ile.

Jumatatu, 7 Oktoba
Leo naandika ambalo daktari hakuniuliza.

Mwezi uliopita kulikuwa na posa kwa Baba Mkubwa Nduwayezu, mkubwa wa ukoo wa mume wangu. Aliyetengeneza pombe ni Ndayikeza, wifi yangu, dada yake Tharsisi wa tumbo moja. Aliachika huko alikoolewa, akarudi, kaka yake akampa kipande cha kiwanja nyuma ya nyumba yetu. Nyakitonto nzima hakuna anayemshinda kwa urwarwa. Ndizi zikipita mkononi mwake zinatoka pombe ambayo hata katekista anaisifia.

Sasa sisi tuna desturi. Anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Mama yako mzazi akikupa maziwa ya mgando anaonja. Mtoto wa chekechea anajua. Siku ile Ndayikeza alinipa kibuyu kimejaa, mrija ndani, akageuka kuwahudumia wakwe. Hakuonja. Mimi niliona, Baba Mkubwa aliona. Niliona haya kukirudisha mbele ya wageni, nikakinywa peke yangu mpaka chini. Hazikupita wiki mbili, mguu ukaanza.

Tena siku chache kabla ya posa alikuwa amenifokea kwamba nazurura mjini na magunia, nyumba ya kaka yake inaota majani. Sijasema kaniroga. Nimesema hakuonja.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mvua ya kwanza. Watu wote mashambani. Mimi nimekaa mlangoni natazama wenzangu wakipanda.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimepeleka maharage Kasulu kwa Nurudini, tajiri yangu wa siku nyingi. Kushuka tu kwenye pikipiki nikayumba, nikashikilia gunia. Nurudini akacheka: "Ange, leo umeianza asubuhi?" Nikamwambia si pombe ya leo, ni ya mwezi uliopita, nikamsimulia. Akatikisa kichwa. "Nyie mnaogopa kikombe, sisi tunaogopa jicho. Kila mtu na woga wake. Nenda hospitali, dada." Nikamwambia hospitali natoka huko huko. Akanipa maji ya chupa. Aliifungua mwenyewe, akasita, akanywa funda moja ndipo akanipa. Tulicheka wote wawili, lakini maji yale niliyanywa kwa raha.

Jumapili, 20 Oktoba
Kama nimefungwa mkanda tumboni, na hakuna mkanda. Tharsisi ananikanda na mafuta ya mawese. Kwa dada yake anaenda kwa siri, nimemwona.

Jumapili, 27 Oktoba
Ukoo umekaa kwa Baba Mkubwa. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe mwenyewe unaona nini?" Nilikuwa nimejiapiza nisiseme. Lakini Ndayikeza alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, mzima wa afya, miguu yake miwili imenyooka, na mimi wangu nimeubeba kama kuni. Nikasema: "Alinipa hakuonja. Kama hakuna kitu, kwa nini hakuonja?"

Ndayikeza akanitazama mdomo wazi. "Wifi! Mimi?" Akamgeukia kaka yake. Tharsisi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ulimi hauna mfupa. Nimejisikia vizuri leo kuliko siku zote za mwezi huu, naandika ukweli.

Alhamisi, 31 Oktoba
Mvua kubwa. Hakuna aliyekwenda kunywa kwa Ndayikeza. Pombe yake imechacha mtungini.

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeoga maji ya moto nilegeze misuli. Weee! Miguu yote miwili ikaniishia hapo hapo bafuni, macho yakaingia ukungu. Tharsisi kanibeba. Nilipopoa, nguvu zikarudi kidogo. Hili nalo ni la kawaida? Ugonjwa gani unawashwa na maji ya kuoga? Baba Mkubwa anasema dawa aliyonilisha Ndayikeza inaamka ikipata joto.

Jumanne, 12 Novemba
Daktari kanigongagonga magoti kwa kinyundo, akanikwaruza nyayo, akakunja uso. Anasema tatizo haliko mguuni, liko kichwani au kwenye uti wa mgongo. Niende Mwanza kwenye mashine kubwa ya kupiga picha ubongo. Mwanetu Moses, aliyeko bweni Kibondo, kapiga simu analia. Nimemwambia asome, mama yake hafi.

Jumatano, 20 Novemba, Mwanza
Tumelala kwa ndugu wa Nurudini, watu wa heshima sana.

Mashine ni shimo. Unalazwa, kichwa kinafungwa kwenye kitu kama kapu, unasukumwa ndani. Kelele zake ni mtu anapigilia misumari kwenye bati na wewe uko chini ya bati. Nilisali rozari nikapotea katikati. Wakanitoa, wakanichoma sindano ya mkononi, wakanirudisha. Daktari, binti mdogo anaitwa Yasmini, akaniambia kupitia kipaza sauti: "Bado picha moja, dada Ange. Ndiyo ndefu, lakini ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Usimeze mate hata." Jaribu wewe kuambiwa usimeze mate.

Majibu bado. Anataka wakubwa zake wa Dar es Salaam wazitazame kwanza, atanipigia. Nimemwomba nirudi angalau na picha. Akanipa moja, ngumu, nyeusi, kama ya kifua. Akasema: "Usiisome mwenyewe, nitakueleza." Nikamwambia mimi nasoma maharage tu.

Jumapili, 24 Novemba
Baada ya misa watu walijaa nyumbani kunipa pole ya safari. Baba Mkubwa akaomba picha. Akaiinua mlangoni kwenye mwanga. Kichwa changu kile pale, kimekatwa kama tikiti, kila mtu anakichungulia. "Haya meupe ni nini?" Nikasema nadhani ni madoa, nilimsikia daktari akiyataja. "Na huu uzi mweusi ndani ya doa?"

Tukasogea wote. Ni kweli. Kila doa lilikuwa na kijiuzi cheusi katikati, chembamba, kimelipasua doa toka huku mpaka huku. Nilihesabu mpaka nikaacha. Baba Mkubwa akashusha picha taratibu. "Doa moja lingekuwa na uzi, ningesema bahati mbaya. Yote? Huo ni mkono wa mtu. Nilimwona mtu kambini, enzi tumevuka kutoka Burundi, akitapika nyuzi hizi hizi kabla hajafa."

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mimi nilihisi nyuzi zile zinatembea kichwani mwangu, naapa nilizihisi. Nikaipokonya picha, nikatoka na mpini wa jembe ninaotembelea, manyunyu yananipiga, watu nyuma yangu.

Ndayikeza alikuwa anakamua ndizi. Alipoona watu akanawa mikono, akajifuta kwenye kanga.

"Wifi, unanionyesha nini?"

"Kazi yako!"

Akaichukua. Aliishika juu chini, akaitazama kwa muda. "Hiki ni kichwa chako?"

"Si unakiona?"

"Kinauma?" akauliza.

Ndiyo, aliniuliza hivyo. Na mimi nilimjibu kwa kuinua picha juu watu wote waione, nikapaza sauti: "Nyuzi zake hizi! Zihesabuni!" Basi. Wakaingia. Mitungi ilipasuliwa, maji ya ndizi yakamwagwa yakachanganyika na matope, migomba yake ya uani ikakatwa. Hakuna aliyempiga, hilo nashukuru. Baba Mkubwa akamwambia jua lisimkute hapa kesho. Tharsisi alisimama mlangoni mwa dada yake amekunja mikono. Hakukata mgomba hata mmoja, na hakumzuia mtu hata mmoja.

Jumatatu, 25 Novemba
Ndayikeza kaondoka asubuhi na begi moja. Wanasema kaenda Gwarama, kwa mama yake mdogo.

Ijumaa, 29 Novemba
Mvua. Nilitegemea nitaamka mzima. Mguu ule ule.

Jumanne, 3 Desemba
Sasa ni mkono wa kulia pia. Baba Mkubwa anasema nyuzi zinakufa, zinatapatapa. Tharsisi halali chumbani.

Jumatano, 11 Desemba
Daktari Yasmini kapiga simu. Naandika kama alivyosema, nisije nikajidanganya kesho.

Kasema: "Dada Ange, ugonjwa wako unaitwa maltipo sklerosisi. Si saratani, wala huambukizi mtu. Askari wa mwili wako, wale wanaopigana na mafua, wamemkosea adui. Wanatoka kwenye mishipa midogo ya damu, wanaingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, wanabambua ganda la neva. Waya ukibambuka, taa inafanyaje?"

Nikasema inawaka na kuzima. "Basi ndiyo miguu yako. Joto nalo linaizidishia shida, kwa hiyo acha maji ya moto."

Nikamuuliza: "Na nyuzi?"

"Nyuzi gani?"

"Nyeusi. Ndani ya madoa."

Akafurahi, masikini! "Umeziona! Ndizo nilizokuwa nazitafuta na ile picha ndefu. Hizo ni mishipa yako ya damu, dada. Midogo mno, picha za kawaida haziioneshi vizuri. Kila mtu anayo, na wewe umezaliwa nayo. Ugonjwa huu huanzia kando ya mshipa, kwa hiyo doa linauzunguka. Madoa ya presha na ya maradhi mengine mara nyingi hayako hivyo. Mishipa hiyo ndiyo iliyotuhakikishia."

Nikauliza kama sumu ya kwenye pombe inaweza kufanya vile. Akasema sumu gani tena. Nikasema nauliza tu.

"Sikiliza," akasema, "ile sindano ya mkononi inayafanya madoa mapya yawake. Yako machache yamewaka. Mengine hayakuwaka, na mawili yameshakuwa makovu. Hayo ni ya miaka. Hukuwahi kupata shida ya jicho, ikapita yenyewe?"

Mwaka Moses alipoingia darasa la tano, jicho langu la kulia lilijaa ukungu mwezi mzima. Nikasema ni vumbi la maharage, nikanunua dawa ya matone, likapona. Mwaka huo Ndayikeza alikuwa bado kwa mumewe. Alikuwa hata hajarudi.

Kaniambia niende Kasulu nitundikiwe dripu za kutuliza hao askari, na dawa ya muda mrefu ipo ila ni ya kuhangaikia. Nikamshukuru. Nikakata simu. Tharsisi akauliza kutoka nje: "Kasema nini?" Nikamjibu: "Kasema niende kwenye dripu."

Alhamisi, 12 Desemba
Sijasema.

Jumamosi, 14 Desemba
Dripu ya pili. Jirani wa kitanda kaniuliza naumwa nini. Nikasema miguu.

Alhamisi, 19 Desemba
Miguu imepata nguvu. Watu wananipongeza njiani: "Umeona? Toka aondoke!" Na mimi nacheka. Mungu anione, nacheka nao.

Jumatano, 25 Desemba
Noeli. Pilau ya kuku, Moses kaja. Kaniuliza shangazi yuko wapi, akaambiwa na baba yake. Mtoto hakumaliza chakula. Aliniangalia tu.

Nikamwita Tharsisi chumbani nikamwambia yote. Mshipa, makovu, jicho. Alikaa kitandani. Nilidhani atanipiga, hajawahi, lakini nilidhani. Akasema: "Umejua toka lini?" Nikamwambia. Akasema: "Kwa hiyo wiki hizi mbili dada yangu analima mashamba ya watu, na wewe unajua." Kisha akalia, akasema yeye ni mbaya kunizidi, maana mimi nilikuwa mgonjwa, na yeye alikuwa mzima na mikono yake ameikunja.

Jumapili, 5 Januari
Tumekwenda wawili kwa Baba Mkubwa. Nimemweleza polepole, hata waya nimemchorea chini kwa kijiti. Alisikiliza vizuri sana. Mwisho akasema: "Mshipa? Ego, sawa. Basi humo ndimo alimopitishia."

Nikamwambia madoa mengine ni ya zamani kabla hajarudi. Akasema mchawi hahitaji nauli. Nikapandwa na hasira, nikamwambia yeye ndiye aliyesoma picha asiyoijua. Akanijibu bila hata kupaza sauti: "Mimi nilisoma ndani kwenu. Aliyeitembeza mtaani ni nani?"

Jumatano, 15 Januari
Watu wanavuna maharage. Mazuri mwaka huu. Sina hamu ya kununua.

Jumamosi, 25 Januari
Gwarama. Tumepita Kibondo na Kakonko, joto ndani ya gari limenimaliza, nimeshuka naburuza mguu. Tharsisi nilimwacha barabarani, nilitaka niende peke yangu.

Nilimkuta Ndayikeza shambani kwa watu, anang'oa maharage na wanawake wengine. Kakonda. Alipoinuka na kuniona akaangalia nyuma yangu kwanza, kama nimekuja na kundi.

"Mwakeye, wifi," nikamsalimu.

"Mwakeye."

Nikajaribu kupiga magoti, nikaanguka tu, sikupiga magoti. Akaniinua akanikalisha kwenye rundo la maharage. Nikamweleza. Nililia ovyo, kamasi na machozi, sikumficha kitu, hata wiki nilizonyamaza. Yeye anachambua maharage mkononi.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua. "Kwa nini siku ile hukuonja?"

Akafikiri kweli, mtu anajaribu kukumbuka. "Nilisahau, Ange. Wakwe walikuwa wengi, niliitwa huku na huku. Nilisahau tu."

Nikamwambia arudi nyumbani. Tharsisi atamjengea upya, mitungi nitanunua mimi. Akasema: "Nirudi nimpikie nani pombe? Wewe umepata mashine ikaingia kichwani mwako, ikaonyesha ulicho nacho. Haya, nionyesheni na mimi mashine ya kuonyesha kwamba sina kitu. Ipo Mwanza? Ipo Dar?"

Nikamwambia basi nitawaambia watu, kigangoni, mbele ya wote. Akasema: "Waambie." Halafu akanishika kiunoni, akanivusha mtaro mpaka barabarani alipokuwa kaka yake, maana mguu ulikuwa umegoma kabisa. Hakumsalimia Tharsisi. Alirudi kwenye maharage ya watu.

Jumapili, 2 Februari
Mvua toka alfajiri, kigango kimejaa. Baada ya matangazo nikamwomba katekista nafasi. Nikasimama mbele na picha yangu. Ulimi ulikuwa mzito leo, maneno yanatoka yameburuzika, ni ugonjwa, daktari alinionya. Lakini niliyasema yote. Nikasema Ndayikeza hajanifanya kitu. Nikasema nyuzi mlizoziona ni mishipa yangu mwenyewe, ugonjwa wangu uko kwenye ubongo, na ulikuwemo kabla yeye hajarudi Nyakitonto. Nikasema mimi ndiye niliyeitembeza picha hii nikimtukana mtu asiye na kosa, na ninyi mlivunja mitungi yake kwa neno langu. Twendeni tukamwombe radhi.

Hakuna aliyekasirika. Afadhali wangekasirika. Kina mama walikuwa wanafuta machozi. Nikamsikia mmoja anamnong'oneza mwenzake: "Masikini, umesikia? Uchawi umeshafika kwenye ubongo." Baba Mkubwa akaja mwenyewe mpaka mbele, akaniondolea picha mkononi kwa upole, akanishika bega. "Kaa chini, mwanangu. Pumzika. Si wewe unayesema hayo."

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi Ange, ni mimi ninayesema!"

Katekista akawaomba wote wasimame waniombee. Wakasimama.